Fungu la Njano

Alhamisi, 4 Julai

Dada katumbukia kwenye chemba ya maji taka. Ile ile! Ya kona ya mtaa wao, isiyo na mfuniko tangu lori la taka liuvunje mwaka jana. Jana jioni alikuwa anapeleka sare za shule alizoshona, mzigo kichwani, mguu wa kulia ukazama na mwili wote ukabaki nje. Paja limevunjika. Shemeji alinipigia simu akashindwa hata kusema, nikawa nasikia anahema tu.

Nimeshinda naye wodini. Unajua kitu cha kwanza alichoniambia? "Mdogo wangu, sare hazikuchafuka hata moja." Nikacheka huku nalia. Muuguzi akanitazama vibaya.

Wakazi wa mtaa ule wameandika barua tatu kwa Bodi. Tatu! Sihitaji kuambiwa, mimi ndiye karani wa Bodi ya Ujenzi na Huduma za Mji, mwaka wa kumi na tisa huu. Kila barua ya mkazi inaanzia mezani kwangu, naigonga muhuri, inakwenda kwa Mhandisi. Mhandisi akiandika neno lake, inarudi kwangu, naandika karatasi ya kazi na genge la mafundi linatoka. Isipoandikwa neno, kikao kinachofuata "inapokelewa na kuhifadhiwa". Yaani imezikwa. Zile tatu zilirudi kwangu hazina neno. Nazikumbuka.

Nimeapa leo, mkono juu ya kitanda chake. Huyu Mhandisi atanilipa.

Ijumaa, 5 Julai

Kazini nusu siku. Mhandisi kapita mezani kwangu, simu sikioni kama kawaida yake. Kaishusha kidogo: pole, nimesikia. Nikasema ahsante. Angeishia hapo! Wapi. Akauliza, eti dada yako alikuwa anatazama wapi? Halafu akamalizia na wimbo wake: "Hatua stahiki zitachukuliwa." Huyoo, kaenda.

Alikuwa anatazama wapi! Mtu ana mzigo kichwani, atazame miguu yake kwa macho ya magotini?

Ofisi nzima tunamwita Hatua Stahiki. Yeye anadhani tunamsifia.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nimeibana mpaka ikapasuka, wino hadi kwenye kiwiko. Blauzi nyeupe ndiyo imekwisha hiyo.

Jumamosi, 6 Julai

Wamemtia chuma ndani ya paja. Daktari anasema tusubiri, tutaona mguu unakunja kiasi gani.

Kunja! Dada ni fundi cherehani, ya kukanyaga. Mama alipokufa mimi nilikuwa darasa la tatu, yeye kamaliza shule tu. Nimesomeshwa na mguu ule ule wa kulia, tak-tak-tak, mpaka leo nikisikia cherehani mahali nahisi kuna mtu ananingoja nimalize hesabu zangu. Shemeji kakaa pembeni na kofia yake ya kazini mapajani. Ni dereva wa gari la maziwa, mtu wa maneno matano kwa siku, na leo hakutumia hata moja.

Nilimnong'oneza Dada kwamba Mhandisi nitamfanyizia. Akafumba macho. "Achana naye. Una kazi ya kulinda." Nikasema sawa. Nimemdanganya, Mungu anisamehe.

Jumapili, 7 Julai

Nimekwenda nyumbani kwa Mhandisi. Si ndani, jamani! Nimepita tu barabarani kama mtu anayenyoosha miguu. Mkobani nina futikamba ya Dada, ile ya manjano iliyofutika namba mwanzoni.

Mji mzima unajua ukuta wake umekula njia. Alipoujenga upya aliusogeza mbele, ndani akapanda maua. Ila hakuna aliyewahi kuupima. Leo umepimwa. Kutoka jiwe la mpaka hadi ukutani: futikamba nzima imekwisha, mita moja na nusu juu ya alama. Ndani ya hifadhi ya barabara! Ukuta wa mwananchi wa kawaida ungekwisha vunjwa zamani, akaambiwa ashukuru hakutozwa faini.

Mlinzi wa nyumba ya pili akaniuliza, mama, unatafuta nini? Nikamwambia nimedondosha hereni. Akanisaidia kuitafuta, maskini. Mtu mwema. Tumeinama pale kama dakika kumi.

Jumatatu, 8 Julai

Ajenda ya kesho. Hapa ndipo ninapoishi mimi.

Kuna ajenda nyeupe na kuna fungu la njano. Nyeupe ndiyo ya kusemea: soko jipya, barabara ya hospitali, wajumbe wanavaa suti. Njano ni mambo ya kawaida: vibali vya kuchimba mitaro, barua za kuhifadhi, orodha ya kuta na vibanda vilivyoingia hifadhi ya barabara. Fungu la njano halisomwi. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, anauliza kama yupo mwenye kutaka kutoa jambo lolote ndani yake lijadiliwe. Kimya. Wanaoafiki? Ndiyooo! Anagonga nyundo. Niliwahi kupima kwa saa: sekunde kumi na moja.

Tena likishapita, halirudi ila kwa kikao kingine. Mwaka jana mwuza mkaa alikuja analia, kibanda chake kiko kwenye orodha kwa makosa, kimepimwa upande si wake. Mhandisi akamjibu mbele yangu, "Kilichopita kimepita, mama." Kibanda kikavunjwa. Kilikuwa na paka ndani na wanawe, wakatoka wanatapatapa.

Orodha inatoka ofisini kwake, inachapwa na mimi, inasainiwa na yeye. Leo imetoka na viwanja kumi na viwili. Nimechapa kumi na vitatu. Kiwanja 118, ukuta, mita 1.5. Ukurasa wa tatu, katikati, kati ya uzio wa fundi baiskeli na ngazi za kinyozi.

Nimempelekea. Simu sikioni. Kasaini kurasa zote tatu, mwenyewe anacheka na mtu wa kwenye simu. Hakutazama hata moja.

Jumanne, 9 Julai

IMEPITA!!

Miwani hakuwepo. Miwani ni mjumbe wetu, muuguzi mstaafu, na ndiye pekee katika wajumbe saba anayesoma. Huwa anasoma mpaka tarehe ya mchapaji. Kaenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mwenyezi akitaka kukupa hakuandikii barua.

Sekunde tisa leo. Mhandisi mwenyewe, ambaye hata kura hana, kaitikia ndiyo kwa mazoea. Nimeyaandika yote kwenye kumbukumbu za kikao kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Ijumaa, 12 Julai

Genge la rangi limepita jana. Hao hawajui jina la mtu, wanajua namba ya kiwanja. Alama ya X, nyekundu, kubwa, mbili: moja kila upande wa geti la Mhandisi. Ubomoaji baada ya siku kumi na nne.

Asubuhi kaingia ofisini bila simu! Mara ya kwanza nimeliona sikio lake la kulia. Nani kaingiza kiwanja changu? Nani? Nikainuka kwa adabu, nikatoa faili, nikamfungulia ukurasa wa tatu.

"Sahihi yako, Mhandisi."

Kaitazama ile sahihi kama mtu aliyeonyeshwa picha yake amelala. Akasema ifutwe. Nikasema, "Nitaifutaje? Kilichopita kimepita." Nilimtazama machoni nilipoyasema, nikayasema polepole, neno kwa neno, kwa sauti ile ile aliyomjibia mwuza mkaa. Mkuki kwa nguruwe! Akaniuliza afanye nini sasa. Mimi! Ananiuliza mimi! Nikamwelekeza kama ninavyowaelekeza wote: andika barua kwa Bodi, ilete kwa karani, itapangiwa kikao.

Nimekula chakula cha mchana kama mtu wa harusini.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemsimulia Dada. Nilidhani atacheka. Kasema, "Na mfuniko je, wameweka?" Shemeji akasema watu wamechomeka tawi la mti na kitambaa chekundu. Maneno yake manane, karamu.

Sikupenda alivyoniuliza. Si ndiye aliyevunjika? Mimi nahangaika kwa ajili ya nani?

Jumatano, 17 Julai

Barua imefika. Kaileta mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mchumba. Shikamoo juu! Tumepishana miezi minne tu, na leo ananiamkia. Anaomba ukuta uondolewe kwenye orodha, au apewe miezi sita aubomoe mwenyewe taratibu. Anaomba barua iwe ajenda ya peke yake, nyeupe, ijadiliwe. Alisema "tafadhali" mara tatu. Nilihesabu.

Nikaigonga muhuri wangu. Huu muhuri mpya tangu mwaka jana naupenda, niliuagiza mwenyewe, mkubwa, tarehe na saa ndani yake. Unajaza kona yote ya juu kulia, barua ikionekana tu unajua imepita kwa karani. Kona ile ndipo macho yangu yanapofanyia kazi: tarehe, muhuri, na neno la Mhandisi kama lipo. Miaka kumi na tisa. Mengine sina haja nayo.

Nikamwambia nitaipangia mahali pake. Alinishukuru!

Alhamisi, 18 Julai

Siku mbaya.

Daktari wa mifupa kasema kwa upole, na upole wa daktari ndio wa kuogopa. Goti halitakunja zaidi ya hapa. Akaonyesha kwa kiganja: kidogo, kidogo sana. Atatembea, kwa mkongojo kwanza, baadaye kwa fimbo. Cherehani ya kukanyaga, asahau.

Dada akauliza, "Kwa mguu wa kushoto je?" Daktari akasema ajaribu. Kila mtu mle ndani, pamoja na kitanda, alijua si kweli. Miaka thelathini na tano mguu wa kulia unaendesha, wa kushoto unasaidia.

Alipotoka daktari, Dada alianza kukunja pindo la shuka, anafuata mshono kwa kidole. Halafu akasema bila kunitazama, "Ule ukuta utavunjwa lini?"

Alhamisi ijayo, nikamjibu.

"Nataka kuwepo. Mchimba kisima lazima atumbukie mwenyewe, na mimi nataka kuona anavyotumbukia."

Dada yangu! Hajawahi kumtakia mtu hata mafua. Wiki mbili nzima nilitaka aseme hivyo. Kasema, na nimerudi nyumbani bila ile furaha niliyoingoja.

Jumanne, 23 Julai

Kikao. Ngoja niandike yote maana sitaki kusahau hata kikohozi.

Miwani karudi, jicho moja limefungwa pamba, la pili linasoma kwa niaba ya mawili. Nikaanza kutokwa na jasho. Barua ya Mhandisi nimeiweka fungu la njano, namba tisa: "Kupokea na kuhifadhi barua ya mkazi, kiwanja 118, kuhusu ukuta." Hakuna jina. Njano hatuandikagi majina.

Kabla kikao hakijaanza, Mhandisi akasimama. Suti ya bluu, karatasi zake kwenye bahasha, viatu vinang'aa. "Mwenyekiti, leo kuna jambo linalonigusa binafsi. Kwa mujibu wa kanuni, mwenye maslahi anatoka nje mpaka aitwe." Mwenyekiti akamsifu: huo ndio uungwana. Akatoka, akafunga mlango taratibu. Nikamwona kwenye kioo cha juu ya mlango, kipara chake tu, kinakwenda na kurudi koridoni. Anangoja kuitwa.

Mwenyekiti: fungu la njano, yupo mwenye kutaka kutoa jambo?

Kimya. Halafu Miwani: "Namba tisa. Hiyo barua inasemaje?"

Nikasema, sauti yangu sijui niliitoa wapi, "Analalamikia alama ya X, mheshimiwa. Kama wenzake." Na si uongo! Kila aliyechorewa X huandika. Miwani akachukua karatasi, akaisogeza hadi puani, jicho likaanza kumtoka machozi, akajifuta na leso. "Haya," akasema. "Wote wanalia."

Ndiyooo. Nyundo.

Walipomaliza soko na barabara ya hospitali, Mwenyekiti akafunga kikao. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu koridoni. Kwa muda wa saa mbili na nusu kasimama pale. Nilipotoka na mafaili akanikimbilia: imekwendaje? Nikamwambia imepokelewa kwa kauli moja. Uso wake ukachanua. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema hatausahau wema wangu.

Hataweza kuusahau, kwa kweli.

Nimecheka njia nzima, peke yangu. Watu walinipisha.

Jumatano, 24 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda stoo ya majalada kuhifadhi barua ya Mhandisi. Sanduku la Mwaka Huu limejaa, nikavuta la mwaka jana nipate nafasi, yakaniponyoka yote mawili. Barua zote chini. Nikapiga magoti kuzikusanya. Nyingi zimeanguka kifudifudi.

Zina maandishi nyuma.

Mwandiko wa Mhandisi. Wino wa bluu, ule uliolala kama nyasi zilizokanyagwa. "Genge litoke Jumatatu, mtaro uzibuliwe." "Taa mbili zibadilishwe." "Nimepita mwenyewe kuona, ni haraka." Nyuma! Nikageuza moja, nikageuza nyingine. Tarehe zote ni tangu mwaka jana. Tangu muhuri wangu mpya. Muhuri uliojaza kona yote, hakuna pa kuandika hata neno moja, basi yeye akageuza karatasi na kuandika nyuma. Na mimi nilikuwa natazama kona.

Barua arobaini na moja. Nimezihesabu mara mbili nikiwa sakafuni.

Zile tatu za mtaa wa Dada nilizijua kwa klipu ya kijani niliyozibania.

Nyuma ya kwanza: "Mfuniko utolewe stoo uwekwe wiki hii. Watu wataumia."

Ya pili: "Niliagiza. Mbona haujawekwa? Karani afuatilie."

Ya tatu, ya mwezi wa nne mwaka huu: "Karani, hii ni mara ya tatu naandika. Kuna nini?"

Karani. Mimi.

Kuna hatua kumi na mbili kutoka mlango wake hadi meza yangu. Angekuja akaniuliza! Ana mdomo, ana miguu miwili mizima! Kwa nini hakuuliza? Anapita pale kila siku na simu yake, anaandika "kuna nini" nyuma ya karatasi, kisha anakwenda zake. Kila aliyelalamika alimjibu hatua stahiki, naye alidhani amekwishazichukua. Mjinga! Wote wawili wajinga. Lakini barua inarudi mezani kwa nani? Muhuri uliagizwa na nani? Nani alikuwa anaona raha ya kuugonga?

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimelishika gauni langu hapa kifuani nilipokumbuka hayo maneno, sijui kwa nini nililishika.

Nilikaa mpaka mfagiaji akaja kufunga. Kabla hajafunga nimeandika karatasi moja ya kazi: mfuniko mmoja, chemba ya kona. Nikaipeleka mwenyewe kwa Nyapara wa genge, anaosha koleo. Kaisoma, akasema, "Ahaa, hatimaye." Kesho nina kazi ya ukuta wa bosi, akasema, mfuniko nitaupakia hapo hapo kwenye lori. Yaani dakika tano. Karatasi moja na dakika tano.

Nilitaka kumwambia aache ule ukuta. Nikaona ukuta kweli umeingia barabarani! Mita moja na nusu nimeipima kwa mkono wangu. Na paka wa mwuza mkaa? Na "alikuwa anatazama wapi"? Bado namchukia. Sikutegemea chuki iendelee kuwepo baada ya haya, nayo ipo, haijapungua hata kidogo.

Barua yake ya kuomba sikuihifadhi. Iko mkobani kwangu. Nayo ina upande wa nyuma, na ukiinua kwenye mwanga unaona kuna wino wa bluu, mistari minne au mitano. Labda kasema kwa nini Dada alitumbukia, na nani wa kuulizwa. Labda ameomba radhi. Kama Miwani angeigeuza jana...

Sijaigeuza.

Alhamisi, 25 Julai

Naandikia ndani ya gari la maziwa.

Shemeji kaegesha ng'ambo ya nyumba ya Mhandisi. Dada, aliyeruhusiwa hospitali juzi, kaketi kiti cha mbele, mguu umenyooshwa juu ya kreti, kilemba kipya, wanja. Kavaa kama anakwenda kupokea zawadi. Mimi katikati yao, mkoba mapajani.

Lori limefika saa tatu kamili. Wanaume sita na nyundo. Na mfuniko, mzima, mweusi, umelala juu ya mchanga. Nyapara akaja dirishani kwetu, kofia mkononi, karatasi zote mbili anazo. "Karani, tuanze na lipi? Mfuniko au ukuta?"

"Ukuta," Dada akajibu kabla yangu.

Geti likafunguka. Mhandisi, malapa miguuni, hana simu. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alizitazama nyundo, akanitazama mimi, akavuka barabara. Akaanza na Dada: shikamoo, pole sana, mguu unaendeleaje? Dada hakuitikia. Hajawahi kuacha shikamoo ya mtu hewani maisha yake yote.

Halafu kwangu, taratibu: "Karani, barua yangu. Wajumbe waliigeuza?"

Nikaubana mkoba.

"Wewe je, uliigeuza?"

"Ageuze nini?" Dada akauliza. Nyapara anaitazama kofia yake. Dada akageuza shingo, akauona mfuniko kule kwenye lori. "Na huo umetoka wapi leo?"

Nyapara hana hila, maskini. "Stoo, mama. Ipo kumi na tano, tangu mwaka jana. Tulikuwa tunangoja karatasi tu."

"Karatasi ya nani?"

Akajikuna shingo. Akanitazama. Mhandisi naye akanitazama. Hata Shemeji.

Dada kageuka mwili mzima kunielekea, na mguu ule hajageuka nao hivyo tangu siku ile, uso ulimkunjamana kwa maumivu. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikitoka shule na ripoti nimeificha. Akanyoosha mkono. "Mdogo wangu. Hiyo barua iko wapi?"

Nimemwambia ngoja, kuna kitu nakiandika. Ananijua, tangu utotoni nikiogopa naandika. Kwa hiyo anangoja. Mkono bado umenyooka, kiganja juu, ncha za vidole zimejaa alama za sindano. Genge linangoja. Mmoja kaweka nyundo begani, mwingine kakalia mfuniko. Mhandisi hajatoka dirishani.

Barua ipo hapa, naigusa ndani ya mkoba. Upande wa mbele naujua wote kwa kichwa.